Ukiulizwa kuhusu kuimba kwenye IELTS: acha jibu la kukariri, leta ya kwenu

Kuna mada fulani kwenye sehemu ya kuongea ya IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, ambazo watu wanaziogopa bure, na mojawapo ni hii ya kuimba. Mtu kajiandaa miezi, kasoma mambo ya mazingira, teknolojia, elimu, halafu anakaa pale mbele ya mtahini anaulizwa tu "Do you like singing?" anaganda. Au hagandi ila anajibu "Yes, I like singing because it makes me happy and relaxed" kisha kimya. Hilo jibu halina kosa la grama hata moja, lakini halimsaidii, kwa sababu watu wengi sana wanajibu hivyo hivyo na mtahini hajapata chochote cha kupimia.

Na kinachoniuma ni kwamba sisi watu wa huku tumelelewa na nyimbo kuanzia mgongoni kwa mama. Umebembelezwa kwa wimbo, umekimbia mchakamchaka shule ya msingi asubuhi na baridi lake huku mnaimba, umeimba kwaya au kaswida, harusi umeimba, msibani umeimba, halafu leo unaulizwa kuhusu kuimba kwa Kiingereza unasema inakufanya uwe na furaha basi. Mali unayo ndugu yangu, hujaitoa tu. Kwa hiyo humu naongelea jinsi ya kuitoa, sehemu kwa sehemu, na pia makosa ya matamshi na grama ambayo sisi waongeaji wa Kiswahili tunayafanya hasa kwenye mada hii.

Kwanza tuelewane mtihani wenyewe ulivyo, maana wengine wanaingia hawajui. Sehemu ya kuongea ni dakika 11 hadi 14, na inarekodiwa. Sehemu ya kwanza dakika 4 hadi 5, maswali mafupi ya maisha yako, na hapa ndipo mada ya kuimba inapopenda kutokea. Sehemu ya pili unapewa kadi yenye mada ya kuongelea, dakika 1 ya kujiandaa na karatasi na penseli, kisha unaongea peke yako dakika 1 hadi 2. Sehemu ya tatu ni maswali ya kuchambua, dakika 4 hadi 5 tena, yanatoka kwenye mada ya ile kadi. Unapimwa vitu vinne vyenye uzito sawa: unavyotiririka na kupanga mawazo, misamiati, grama, na matamshi. Sikiliza vizuri hapo, hakuna kipengele cha "mawazo mazuri" wala cha "ukweli", na hakuna kipengele cha sauti nzuri ya kuimba. Hupimwi kama unajua kuimba. Hujaombwa kuimba pia, kwa hiyo usianze kuimba ubeti mle ndani ukidhani utamfurahisha, dakika zako zinaenda na Kiingereza chako hakijasikika.

Kwa manesi na wakunga wanaokwenda Uingereza hili jambo ni zito, baraza lao la NMC linataka angalau alama 7 kati ya 9 kwenye kuongea. Mwaka 2021, baada ya Kenya kusaini makubaliano ya kupeleka wahudumu wa afya Uingereza, waziri wa afya wa wakati ule Mutahi Kagwe alisema manesi 300 walifanya mtihani wa Kiingereza na waliopita ni 10 tu. Watu waliosoma kwa Kiingereza miaka yote! Mimi ninavyoona Kiingereza walikuwa nacho, tatizo la wengi ni kuingia na mazoea ya darasani, jibu fupi na sahihi, wakati huu mtihani unataka mtu anayeongea.

Haya, sehemu ya kwanza. Maswali yenyewe yanazunguka hapo hapo: unapenda kuimba? uliwahi kujifunza kuimba? ungependa kumwimbia nani? ulipokuwa mdogo uliimba? unadhani kuimba kunaleta furaha? Kila jibu liwe sentensi mbili hadi nne hivi, sio neno moja na sio hotuba. Ukizidisha mtahini atakukata katikati na kwenda swali linalofuata, usishtuke, hajakasirika, ana muda wake tu.

Siri ni moja: jibu swali moja kwa moja kisha ongeza kitu ambacho ni wewe tu ungeweza kukisema. Wapi, na nani, siku gani, inakuwaje. Tuseme unaimba kwaya, sema "I do, but mostly with other people. I sing alto in my church choir and we practise on Saturday afternoons, so by Sunday the songs are stuck in my head and I end up humming them while I'm cooking." Ona hapo, hakuna neno gumu hata moja, lakini kuna alto (ile sauti ya pili ya kwaya), kuna choir, kuna kitu kimekwama kichwani, kuna humming, na grama imepanda na kushuka yenyewe bila kulazimisha. Mtahini amepata cha kupima.

Na kama hupendi kuimba? Sema hupendi! Watu wanadhani lazima wakubali kila kitu ili waonekane wazuri, hapana. "Not really, to be honest. I can't carry a tune, but I love being around people who can, especially at weddings, when the aunties start singing and nobody wants to sit down." Jibu zuri kabisa hilo, na lina nguvu kuliko la mtu anayejifanya anapenda halafu swali la pili linamkuta hana cha kusema. Ukidanganya kwenye swali la kwanza unajifunga kwa matatu yanayofuata.

Swali la kujifunza kuimba ndilo watu wanajibu "No, I have never learned" wanaishia hapo, wakidhani kujifunza ni lazima uwe umesoma chuo kama TaSUBa pale Bagamoyo au ile akademia ya muziki ya DCMA Zanzibar. Sasa ile kwaya mwalimu alikuwa anaandika d r m ubaoni mnasoma solfa, sauti ya kwanza huku, sauti ya nne kule, hiyo sio kujifunza? Madrasa mkifundishwa kaswida kwa ajili ya Maulidi, mkirudia mstari mpaka ukae, hiyo sio kujifunza? Shule za Kenya zinazoshiriki tamasha la muziki la taifa, Kenya Music Festival, ambalo lipo tangu 1927, mtu kafanya mazoezi ya wimbo wa lazima muhula mzima, halafu anasema sijawahi kujifunza. Sema hivi: "Not formally, but I picked it up at the madrasa. We used to learn kaswida, which are religious songs, and the teacher kept the beat on a small hand drum." Umetaja kitu cha kwenu kwa jina lake, ukakieleza kwa maneno machache, ukaendelea. Inaruhusiwa kutumia neno la Kiswahili ukilieleza hapo hapo, na ile namna ya kulieleza, yaani ile "which are…" au "it's a kind of…", ndiyo inayoonyesha kwamba unaweza kuzunguka neno ambalo Kiingereza hakina.

Swali la ungependa kumwimbia nani, usikimbilie "my girlfriend" kwa kuwa ndilo jibu linalokuja kwanza, isipokuwa kama kweli una cha kusema juu yake. Fikiria nani alikuimbia wewe. Bibi, mama, dada wa kazi, mwalimu wa chekechea. "I'd love to sing for my grandmother, because she's the one who sang me to sleep when I was little. She's quite old now, so I think it's my turn." Hapo umepata "sang me to sleep" ambayo ni Kiingereza cha asili kabisa na haihitaji kamusi.

Na lile la furaha, hapa ndipo watu wetu wanaweza kung'aa na hawajui. Kila mtu atasema ndiyo kuimba kunaleta furaha. Wewe unatoka mahali ambapo watu wanaimba msibani usiku kucha, kwaya imekaa na wafiwa kwenye maturubai mpaka alfajiri. Sema hivyo: "It does, but I think it also carries people through sad times. At funerals back home the choir may sing all night, and it stops the family from feeling alone." Hujapinga swali, umelipanua, na umefanya hivyo kwa jambo la kweli ulilolishuhudia, kwa hiyo hutatafuta maneno.

Tuje kwenye kadi sasa. Kwa mada hii kadi inaweza kukuambia umuelezee mtu unayemjua anayeimba vizuri, au wimbo unaoukumbuka toka utotoni, au siku uliyosikia muziki wa moja kwa moja jukwaani. Ukipewa ile dakika moja usiandike sentensi, hutamaliza, na ukimaliza utasoma kama mtangazaji. Andika maneno matano sita tu: jina la mtu, mahali, sauti yake ikoje, siku moja mahsusi, ulijisikiaje. Hiyo "siku moja mahsusi" ndiyo inayokubeba kufika dakika mbili. Watu wanaoishiwa maneno kwenye sekunde ya arobaini mara nyingi wameelezea mtu kwa ujumla tu, anaimba vizuri, ana sauti nzuri, watu wanampenda, imeisha. Ukiwa na tukio, tukio lina mwanzo na katikati na mwisho, na wewe unafuata tu.

Chukua mfano wa harusi yenye taarab, maana hii ni hazina na sijasikia watu wakiitumia. Mtahini hajui taarab pengine, kwa hiyo unaanza kumfungulia: "Taarab is a kind of sung poetry from the East African coast, with violins and an accordion, and the words often have a hidden meaning." Kisha unaingia kwenye tukio, shangazi yako au jirani yenu anayeimba, amesimama, kavaa nini, ukumbi ulikuwaje. Halafu unaeleza kutunza, yaani mstari ukikugusa unanyanyuka taratibu unacheza kwenda mbele unampa mwimbaji hela. "When a line touches you, you get up, dance slowly to the front and hand the singer some money, and everybody tries to guess who the message is meant for." Niambie ni mtahini gani hatakaa vizuri kwenye kiti akisikia hivyo. Na angalia grama uliyoitumia, ni ya wakati uliopo kwa desturi, kisha unarudi kwenye wakati uliopita kwa siku ile yenyewe: "That night my aunt was holding a very long note when…" Kubadilisha wakati kwa sababu, sio kwa kuchanganyikiwa, ni kitu wanachokitafuta.

Ukitaka kuongeza historia kidogo ipo pia ya kutosha, ila iwe sentensi moja usigeuze kuwa somo. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, alisafiri mpaka Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili. Bi Kidude aliimba mpaka uzeeni kabisa, akafariki 2013. Wenzetu wa Kongo wana rumba ambayo UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika 2021. Mtu wa Bukavu au Lubumbashi akiitaja rumba akaeleza wazazi wake walivyokuwa wanaicheza sebuleni, tayari ana dakika mbili.

Misamiati sasa. Usijaze maneno makubwa, tafadhali, kuna watu wanakariri "melodious" na "euphoric" halafu wanayapachika popote, inasikika. Maneno yanayokupandisha kwenye mada hii ni yale ambayo waimbaji wenyewe wanayatumia kila siku. Mtu anayeimba bila kutoka kwenye nota "sings in tune", akitoka ni "out of tune" au "off-key". Kuimba mdomo umefumba ni "hum". Kuimba pamoja na wimbo unaopigwa ni "sing along". Kujua wimbo wote kichwani ni "know it by heart". Sauti yaweza kuwa "deep", "husky" kama ina mkwaruzo, "soothing" kama inatuliza, "powerful". Anayefika juu kabisa "hits the high notes". Ule mtindo wetu wa mmoja anatoa na wengine wanaitikia, wa mchakamchaka na wa ngoma karibu zote, wenyewe wanauita "call and response", na hili neno ningeomba kila mtu wa huku alibebe kwa sababu linaeleza nusu ya muziki wetu. Chagua sita saba unayoyahitaji kwa maisha yako, sio yote. Kama huimbi kwaya, alto ya nini?

Halafu kuna makosa ambayo ni yetu, na humu kwenye kuimba yanajitokeza kweli kweli.

La kwanza kabisa ni he na she. Kiswahili hakituulizi kama ni mwanamke au mwanaume, ni "anaimba" tu, kwa hiyo ulimi unateleza: "my mother he sings very well". Unajua kabisa kwamba ni she, lakini kwenye kasi inatoka he. Na ukielezea mwimbaji kwa dakika mbili utatamka he au she mara nyingi sana, kwa hiyo hili kosa litarudia na litasikika. Dawa yake ni mazoezi ya mdomo sio ya kichwa, ongea kuhusu mama yako dakika mbili kila siku, kisha kuhusu baba yako dakika mbili, jirekodi, sikiliza. Baada ya siku kadhaa ulimi unazoea.

La pili ni wakati. Sisi tunasema naimba kwaya tangu 2016, basi Kiingereza kinatoka "I sing in the choir since 2016". Hapana, ni "I've been singing in the choir since 2016". Jifunze hii moja tu iwe tayari mdomoni, maana kwenye mada ya kuimba utaihitaji karibu kwa uhakika. Na ile nilikuwa naimba zamani sasa siimbi, usiseme "I was singing", sema "I used to sing". Na sing, sang, sung usizichanganye, "I have sung", "I sang", ni aibu kukosea neno ambalo ndilo mada yenyewe.

La tatu matamshi, na hapa nina furaha kwa sababu Kiswahili kinatusaidia kuliko watu wa lugha nyingi. Neno "sing" linaisha na sauti ya ng' ya ng'ombe. Sio ya ngoma. Kwa hiyo "singer" tamka kama sing'a, na "singing" ni sing'ing', bila g inayogonga katikati na bila k mwishoni. Lakini "finger" na "longer" zina ng ya ngoma. Wageni wengi wanahangaika na hiyo tofauti, wewe umeinywa na maziwa, ni kukumbuka tu kwamba ipo. Vivyo hivyo th: "think" inaanza na th ya thamani, "this" na "the" zinaanza na dh ya dhahabu, na "rhythm" ina dh hiyo hiyo katikati. Kama kwenu mnatamka samani badala ya thamani basi utasema "I sink singing is good" na kuzama hakuhusiani na swali, rekebisha mapema kwa sababu "I think" utaisema kila dakika. "Choir" tamka kama kwaya yetu tu, ile ch ya kwenye maandishi isikudanganye, na "chorus" inaanza na k. "Hymn" ile n ya mwisho haitamkwi. Wale wenye mchanganyiko wa l na r, fanyia mazoezi "lyrics" na "lullaby", hasa lyrics kwa sababu ina zote mbili. Na tuache kuongeza irabu mwishoni, songi, musiki, bandi, kata neno linapoishia.

Lafudhi yako ya Kitanzania au Kikenya au Kikongo haikatwi maksi. Wanachotaka ni kukuelewa bila kuhangaika. Naomba sana watu waache kujibana pua kuiga Waingereza, unapoteza kasi, unapoteza kujiamini, na matamshi yenyewe yanaharibika zaidi.

Sehemu ya tatu ndiyo inayotenganisha 6 na 7 kwa wengi, kwa sababu hapa hawaulizi tena kuhusu wewe, wanauliza kuhusu watu na jamii. Kwa nini watu wanapenda kuimba kwa vikundi? Shule zifundishe kuimba? Nyimbo za asili zitapotea? Teknolojia imebadilishaje uimbaji? Hapa jibu la sentensi mbili halitoshi, toa msimamo, toa sababu, toa mfano, kisha angalia upande wa pili hata kidogo. Na mfano usiwe tena "for example, me I like", panda juu kidogo, sema kuhusu jamii.

Shule zifundishe kuimba, kwa mfano. Unaweza kusema watoto wadogo wanashika vitu kwa wimbo, ndiyo maana chekechea wanaimba namba na herufi na siku za wiki, lakini wakifika madarasa ya mitihani nyimbo zinapotea ratiba nzima ni kukariri kwa ajili ya mtihani wa taifa, na unadhani hiyo ni hasara au unadhani ni sawa kwa sababu muda ni mdogo. Vyovyote. Kwa Kiingereza: "Young children pick things up faster through songs, so in nursery school it's everywhere. The trouble is that once national exams get close, singing is the first thing to go, and I'd say that's a loss, although I understand why parents want it that way." Lile "although I understand" ndilo upande wa pili, na halijakugharimu kitu.

Nyimbo za asili kupotea, usikimbilie kulaumu vijana na simu. Fikiria vizuri, nyimbo za kuvuta majahazi, za kutwanga, za kulima, zinapungua kwa sababu ile kazi yenyewe sasa inafanywa na mashine. Hiyo ni hoja ya mtu aliyefikiri: "Many of those songs went with a job, like pounding grain or pulling in the boats. When the work disappears, the song loses its place." Kisha upande wa pili, vijana wa uswahilini Dar wameunda singeli, kasi ya ajabu, na ndani yake kuna ngoma za zamani na mnanda na taarab, yaani kuna kilichobaki kwa sura nyingine. Na teknolojia, unaweza kuongelea otochuni, kwamba studio inanyoosha sauti ya mtu yeyote, na watu wakimsikia jukwaani wanashangaa ni yeye kweli, ila pia mtu wa kijijini leo anarekodi kwa simu na kusikika mbali.

Usipoelewa swali omba lirudiwe, "Sorry, could you say that again?" hakuna shida. Sehemu ya tatu unaweza hata kumuuliza "Do you mean singing in general, or at school?" na ni mazungumzo ya kawaida kabisa. Ukihitaji sekunde za kufikiri, "I've never really thought about that, but…" ni sawa mara moja, ukiisema kila swali inakuwa kelele.

Kuhusu mazoezi, usiandike majibu ukayakariri. Watahini wamefundishwa kutambua jibu la kukariri, linasikika tu, sauti inakuwa bapa, kasi inabadilika, halafu swali likigeuka kidogo mtu anapotea. Andaa mali, sio maneno. Mali yenyewe ni mtu mmoja, tukio moja, wimbo mmoja, na kila kimoja uwe umekieleza kwa mdomo mara kadhaa kwa namna tofauti tofauti, leo umeanzia mwanzo, kesho umeanzia mwisho. Tuma voisi ya WhatsApp kwa rafiki mnayejiandaa naye, dakika mbili, yeye akurudishie swali, wewe umjibu hapo hapo. Inafanya kazi kuliko kusoma majibu ya watu. Na uzuri wa mali ni kwamba haiishii kwenye kuimba. Yule bibi aliyekubembeleza anaweza kujibu kadi ya mzee unayemheshimu, ile harusi inajibu kadi ya sherehe, kadi ya siku uliyofurahi, hata kadi ya desturi ya nchi yako, na mchakamchaka unajibu utoto, shule na mazoezi ya mwili kwa mpigo.

Siku yenyewe, kama umeamka na Kiswahili, umepanda daladala na Kiswahili, umesubiri kwenye benchi mnapiga stori kwa Kiswahili, utaingia na ulimi ambao bado uko upande wa pili. Ongea Kiingereza kuanzia asubuhi hata na wewe mwenyewe, muelezee mtu wa kufikirika mlivyoimba Jumapili iliyopita. Ukiingia, salimia, toa kitambulisho, kaa. Mwishoni mtahini atakwambia mtihani umeisha, mshukuru utoke, usimuulize umepata ngapi, haruhusiwi kukwambia.